Jeki yangu ni ya tani 5, lakini mke wangu amekataa kunishikia tochi

Ndugu Mshauri,

Salaam. Mimi ni baba wa watoto watatu, mkazi wa Sakina hapa Arusha, na nina Noah ya zamani, ile ambayo injini yake iko chini ya viti vya mbele na inayosukumwa na matairi ya nyuma. Gari hili ndilo linalowapeleka watoto shule na ndilo linalobeba mzigo wa duka la mke wangu, hivyo haliwezi kulala gereji wiki nzima likisubiri fundi amalize kwanza magari ya watalii. Kwa sababu hiyo nimejifunza kulitengeneza mwenyewe nyumbani. Oili nabadilisha, breki nabadilisha, bushi nazo nabadilisha, na sasa nataka kubadilisha krosi (viungio) za propela shafti, lile bomba linalopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi matairi ya nyuma, kwa kuwa gari linagonga kila ninapoondoka na linaanza kutetemeka nikishika mwendo wa kilomita 60.

Utaratibu wangu ni huu. Naegesha gari uani, navuta hendibreki, naweka gia kwenye P, kisha naweka jeki ya chupa chini ya ekseli ya nyuma na kupiga hadi gari lipande vya kutosha kuingia chini. Likishapanda, natanguliza tofali mbili za inchi 6 kila upande kwa ajili ya tahadhari, ingawa mzigo wenyewe unabebwa na jeki. Jeki yangu ni ya tani 5 na gari halifiki hata tani 2, hivyo hatari siioni. Mwanangu wa kiume aliye darasa la saba ndiye anayeninyooshea spana, na mara nyingine humwachia apige jeki ili naye ajifunze. Mke wangu alikuwa akinishikia tochi.

Ugomvi ulianza siku moja jioni baada ya mvua. Nilikuwa nimetoka chini kuchukua spana namba 14, na nilipogeuka nikakuta gari limeshuka kidogo, unene wa kidole hivi. Nikapiga jeki tena, nikarudi chini kuendelea na kazi. Mke wangu aliiweka tochi juu ya ndoo, akaingia ndani bila kusema neno, na tangu siku hiyo amesimamia kwamba hatashika tochi tena wala mtoto hatakaribia gari likiwa juu. Baya zaidi, alimweleza baba yangu mzazi, naye akanipigia simu kutoka Machame kuniuliza wajukuu wake nimepanga walelewe na nani.

Najisikia nimefedheheshwa ndani ya nyumba yangu kwa jambo ninalolifanya ili kuokoa fedha za familia. Uani kwetu kuna mteremko, lakini ni mdogo. Jeki inavuja oili, lakini ni kidogo, jambo la kawaida kwa jeki iliyotumika. Naomba utuamulie: je, mke wangu hajazidisha? Na kama yapo ninayokosea, nifanye nini kabla ya Jumamosi, maana krosi nimekwisha kuzinunua?

Mwenye Noah,
Sakina, Arusha

JIBU

Ndugu yangu wa Sakina, mke wako hajazidisha. Kwa maelezo yako mwenyewe, gari lilishuka dakika chache baada ya wewe kutoka chini yake, na mtu wa kwanza kuelewa maana ya unene ule wa kidole alikuwa yeye. Hata hivyo hukuniandikia ili nikugombeze, na baba yako ameshaifanya kazi hiyo vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi, kwa hiyo niingie kwenye gari lenyewe.

Hesabu yako ya uzito sina ugomvi nayo. Noah ya aina yako inakaribia tani moja na nusu, na unapoinua upande wa nyuma peke yake jeki inabeba sehemu tu ya uzito huo, kwa sababu matairi ya mbele yanaendelea kubeba sehemu yake. Jeki ya tani 5 isiyo na hitilafu haielemewi na mzigo wa namna hiyo. Lakini hesabu hiyo inajibu swali ambalo gari halikuulizi. Gari lililoinuliwa nyumbani huanguka kwa sababu limeviringika, au kwa sababu jeki imelala upande, au kwa sababu kilicholishikilia kimeshuka ama kimepasuka, na katika mambo hayo yote tani zilizoandikwa kwenye kibandiko cha jeki hazina msaada mkubwa. Kwa bahati mbaya uani kwako mambo hayo yote yapo kwa pamoja.

Tuanze na kuviringika, kwa kuwa kazi uliyoipanga Jumamosi ndiyo inayoliacha gari likiwa huru kuliko kazi zote ulizozitaja. Unategemea vitu viwili kulizuia: hendibreki na P. Hendibreki ya gari lako inashika matairi ya nyuma. Ukiyainua yakaning'inia, itaendelea kuyakaza kwa nguvu zake zote, lakini itakuwa inakaza matairi yasiyogusa ardhi. P nayo inafunga shafti inayotoka kwenye gia boksi, na gia boksi ya gari lako haina njia nyingine ya kufika kwenye matairi ya nyuma isipokuwa propela shafti, ile ile unayotaka kuifungua. Isitoshe, ili ufikie bolti zilizo upande wa juu utalazimika kuizungusha shafti hiyo, nayo haitazunguka mpaka utoe P na ulegeze hendibreki kwa mkono wako mwenyewe. Sasa fikiria hali ilivyo wakati huo: wewe umelala chali, uso umeelekea difu (ile gia ya katikati ya ekseli inayogawa nguvu kwa matairi mawili), na matairi mawili ya mbele, ambayo ndiyo pekee yanayogusa ardhi, hayashikwi na chochote. Mteremko mdogo unatosha kabisa. Gari likisogea mbele hata kwa kiasi cha kiganja cha mkono, ekseli inateleza kutoka juu ya kichwa cha jeki, na kichwa hicho ni kidogo kuliko kifuniko cha chupa ya chai.

Ninalieleza hili kwa urefu kwa sababu wasomaji wengine wa hapa wanadhani ni tatizo la Noah peke yake, na sivyo. Wenye Land Rover za zamani, ambazo bado tunaziona sana Arusha kwa sababu ya kazi za mbugani, wana shida inayofanana nayo: hendibreki yao inashika shafti inayotoka kwenye gia boksi na haigusi matairi yenyewe, kwa hiyo ukiinua tairi moja la nyuma, difu inaliruhusu lile la hewani lizunguke upande mmoja na lile la chini litembee upande wa pili, na gari linaondoka huku hendibreki ikiwa imevutwa hadi mwisho. Magari madogo yanayovutwa na matairi ya mbele, kama IST na Vitz, nayo yakiinuliwa tairi moja la mbele, P haishiki tena kwa sababu hiyo hiyo ya difu, na kinachobaki ni hendibreki ya nyuma tu, ambayo katika magari mengi yaliyokwisha kuzunguka sana haijakaguliwa tangu yaliposhuka melini.

Kinga ya kuviringika ni kabari. Tafuta kabari nne za mbao ngumu zilizokatwa mshazari, ambazo seremala yeyote wa mtaani kwenu atakukatia kwa bei ya mabaki, na uziweke mbele na nyuma ya kila tairi la mbele kabla hujagusa jeki. Jiwe la duara lililookotwa kando ya mfereji halifai, kwa kuwa tairi linaweza kulisukuma au kulipanda. Kabla ya hapo hata hivyo, sogeza gari lifike mahali palipo tambarare. Kama uani kote kunateremka, na najua viwanja vingi vya upande huo vinafuata mteremko wa Mlima Meru, basi hapo si mahali pa kuinulia gari hata ukiwa na vifaa vyote, na ni heri uombe nafasi kwa jirani mwenye sakafu ya zege.

Jeki ya chupa ina tabia nyingine ambayo haielezwi sana. Unapoinua upande mmoja wa gari, gari zima linazunguka kidogo juu ya matairi ya upande wa pili, na mahali ulipoweka jeki hapapandi kwa mstari ulionyooka bali kwa upinde. Jeki yenye magurudumu hutambaa kidogo kuufuata upinde huo. Jeki ya chupa haitambai, imesimama juu ya kitako chake chembamba, kwa hiyo inainama kidogo kidogo kila unapopiga, na kadiri nguzo yake inavyorefuka ndivyo inavyokuwa rahisi kuangushwa na msukumo wa pembeni. Msukumo wa pembeni unatoka kwako wewe mwenyewe. Bolti za propela hukazwa sana, na sisi wote tunajua kinachofanyika zinapokataa: mtu anachomeka bomba kwenye mkia wa spana ili airefushe, anaweka mguu kwenye tairi, kisha anavuta kwa mwili wote. Nguvu ile haiishii kwenye bolti.

Kuhusu kuvuja, umesema ni kidogo na ni kawaida. Kwamba ni kawaida, ni kweli kwa maana kwamba jeki nyingi za mitaani zinavuja. Ndani ya jeki ya haidroliki mzigo wote unakaa juu ya oili iliyofungiwa, na kinachoifungia ni raba chache pamoja na vali ndogo inayokaa juu ya kiti chake. Raba huchakaa kwa umri na kwa joto, na chembe moja ya uchafu ikikaa kwenye vali inatosha kuizuia isifunge sawasawa. Jeki inayovuja nje unaiona; inayovuja kwa ndani, oili ikirudi kwenye tangi lake, huioni mpaka gari liwe limeshuka. Raba inayovuja kidogo leo haitoi ahadi ya kuendelea kuvuja kidogo, kwani inaweza kuchanika wakati wowote, na hapo kushuka hakutakuwa kwa unene wa kidole. Inawezekana pia kwamba siku ile jeki ilizama kwenye udongo uliolowa. Udongo wetu wa volkano wakati wa masika ukikandamizwa mahali padogo unaachia. Kama ilikuwa ardhi au ilikuwa raba, kwa mtu aliye chini hakuna tofauti, na ndiyo maana vitabu vya magari vinakataza moja kwa moja mtu kuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Cha kwako huenda kiko kwenye droo ya dashibodi, kimeandikwa Kijapani, lakini picha zake zinaeleweka bila mkalimani.

Sasa tofali. Hapa ndipo ninapokuomba uwe msikivu zaidi, kwa sababu tofali zinakupa moyo ambao hazistahili kukupa. Tofali la saruji limetengenezwa ili libebe ukuta, yaani mzigo uliotandazwa sawasawa juu yake kwa udongo wa saruji kutoka ukingo hadi ukingo. Ekseli inagusa tofali kwa mstari mwembamba. Uzito ukikusanyika pale, tofali halipindi wala halilii. Linashika, linashika, kisha linagawanyika kwa mara moja, na yale yenye matundu ni mabaya zaidi, hasa yakilazwa ubavu. Juu ya hayo, umesema mzigo unabebwa na jeki, maana yake kati ya ekseli na tofali kuna nafasi. Jeki ikiachia, gari halitatua juu ya tofali polepole, litazidondokea. Tofali ambalo lingeweza kuhimili uzito uliotulia halihimili pigo la namna hiyo, na ukikuta limehimili ujue ni bahati. Mawe yaliyopangwa, rimu ya tairi iliyosimamishwa na magogo ya duara nayo nayaweka katika kundi hilo.

Unachohitaji ni stendi mbili za chuma za kuegemezea gari, zile zenye miguu mipana na nguzo ya katikati inayopandishwa na kufungwa. Kazi ya jeki iwe kupandisha na kushusha, na kazi ya kushikilia iachiwe chuma kisicho na oili wala raba ndani yake. Unapozinunua soma maandishi yaliyogongwa kwenye chuma chenyewe, na uangalie kama tani zilizotajwa ni za stendi moja au za jozi, kwa sababu watengenezaji wengi hutaja jozi; kwa gari lako jozi ya tani 3 inatosha na kubaki. Mimi napendelea zinazofungwa kwa pini nene inayopita tundu hadi tundu kuliko zinazoshikwa kwa meno. Za meno si mbaya, lakini mwaka 2020 huko Marekani zaidi ya stendi milioni moja za meno ziliagizwa zirudishwe dukani baada ya kugundulika kwamba meno ya baadhi yake hayakukamata vizuri na nguzo ingeweza kuteleza ikiwa na mzigo. Ukipata za meno, hakikisha jino limeingia hadi mwisho, kisha ujaribu kuitikisa nguzo kwa mkono kabla ya kuipa uzito. Kuhusu stendi zinazotengenezwa na mafundi wa kuchomelea pale mtaani, najua ni nafuu na najua wapo wenye mikono mizuri, lakini weldi nzuri na weldi mbovu zikishapakwa rangi zinafanana, na hakuna aliyeipima hata moja. Nisingelala chini yake.

Zikishapatikana, anza kwa kabari kwenye matairi ya mbele, gari likiwa bado chini na hendibreki ikiwa imevutwa. Bolti zozote unazoweza kuzifikia zilegeze nusu mzunguko kabla ya kuinua, ili nguvu kubwa itumike gari likiwa limekaa kwa miguu yake minne. Pandisha kwa jeki nzuri isiyovuja, tena upandishe kiasi kile tu unachohitaji kuingia, bila kuongeza eti upate hewa. Kwa gari lenye ekseli nzima ya nyuma, stendi zinakaa chini ya bomba la ekseli, moja kila upande wa difu, karibu na matairi, mbali na mabomba ya breki. Kwa magari mengine ni sehemu ngumu zilizoonyeshwa kwenye kitabu, kamwe si chini ya sampu (bakuli la oili lililo chini ya injini) wala sakafu ya bodi. Kama chini ni udongo, kila stendi ikae juu ya ubao mnene au bamba la chuma lililo pana kuliko miguu yake, usije ukaona mguu mmoja umezama na mingine imebaki juu. Kisha shusha jeki polepole mpaka uzito wote ukae kwenye stendi, na baada ya hapo ipandishe tena iguse tu, bila kubeba. Spea tairi, au yale ya nyuma kama umeyavua, yalaze chini ya ubavu wa gari. Siku stendi zikikosea, unene wa tairi lililolala na rimu yake ndio utakaokuwa nafasi ya kifua chako.

Halafu simama pembeni, shika bodi kwa mikono miwili, ulitikise gari kwa nguvu, mbele na nyuma na kwa ubavu. Utajisikia kama mtu anayeliharibia gari lake, na hiyo ndiyo nguvu inayotakiwa. Kama kuna kitu kitasogea, kisogee ukiwa umesimama. Likisogea, shusha uanze upya. Lisiposogea, chomoa waya hasi wa betri, hakikisha funguo iko mfukoni mwako, na ndipo uingie. Injini isiwashwe mtu akiwa chini, na eksozi ipoe kwanza. Nikumbushe jambo moja la kiufundi ambalo halihusu usalama wako ila litakuepusha na mtetemo mwingine: kabla hujafungua propela, chora alama kwa rangi kwenye flanji zote mbili (zile sahani zinazobana kwa bolti) ili uirudishe ilivyokuwa.

Kama stendi haziko ndani ya uwezo wako mwezi huu, na sitaki kujifanya kwamba kila familia inaweza kuzinunua leo, ipo njia ya pili ambayo hata waokoaji huitumia, yaani kupanga mbao. Vipande vya mbao ngumu zilizokauka, vyenye pande nne zilizonyooka, hupangwa viwili kwa viwili kwa kupishana hadi kufika chini ya ekseli, na kimo cha mnara kisizidi mara tatu ya upana wa kitako chake, tena kwa kazi yako usikaribie hata hapo. Mbao ina jambo moja inaloishinda saruji: inapozidiwa inalia na kubonyea kwanza, kwa hiyo inakupa muda. Lakini mbao mbichi, zilizooza au za mviringo hazifai, na kabari pamoja na kutikisa gari vinabaki pale pale.

Unaweza pia kuiachia gereji sehemu ndogo tu ya kazi. Tafuta gereji yenye shimo, ulipie saa moja ya nafasi badala ya kulipia fundi, na uifungue propela mwenyewe gari likiwa na matairi yote manne chini. Ukihitaji kuizungusha shafti, toka shimoni, gari lisukumwe kidogo, likabwe tena kwa kabari, ndipo urudi. Usiingie na sigara wala kiberiti, kwa kuwa mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hukusanyika shimoni. Kwa kazi ya Jumamosi hii ningekushauri njia hii kuliko nyingine zote, kwa sababu tayari umetaja mteremko, mvua na jeki mbovu, na siku zilizobaki ni chache.

Nirudi kwa shemeji na ile tochi. Mtu anapobanwa kifuani na gari, tatizo la kwanza huwa ni pumzi: mbavu haziwezi kupanuka, hewa haiingii, na ubongo unaanza kuharibika ndani ya dakika chache. Hawezi kupiga kelele, kwa sababu kelele nayo inahitaji hewa. Kwa hiyo mtu wa nje anahitajika kweli, na ulikuwa sahihi kutaka awepo, lakini ulimpa kazi ya kumulika wakati kazi yake halisi ni kubwa zaidi. Mulika kwa taa ya kichwani au taa ya kuning'iniza. Yeye, au mtu mzima mwingine, akae anapokuona, awe na simu, na pembeni yake kuwe na jeki ya pili ambayo haijatumika popote. Ikitokea, asikuvute miguu. Aliinue gari mara moja kwa jeki hiyo au kwa majirani, kitu kigumu kiingizwe chini kadiri linavyopanda, na mtu mwingine apige 114 kwa zimamoto na uokoaji. Hata ukitoka ukitembea, nenda Hospitali ya Mount Meru ukaangaliwe, kwa kuwa majeraha ya ndani ya kifua na tumbo hayaonekani kwa macho.

Mpe pia mamlaka moja: akisema "toka", unatoka kwanza, maswali baadaye. Siku ile alikuwa na la kusema na hakuwa na hakika kama lingesikilizwa, na nadhani ndiyo sababu lilifika Machame kabla ya kukufikia wewe. Usilichukue kama kuchongewa. Siku stendi zitakapokuwa mahali pake, mwite alitikise gari yeye mwenyewe kabla hujaingia. Kauli yake baada ya hapo itakuwa na uzito kuliko ahadi zako zote.

Mtoto wa darasa la saba ajifunze, nakuunga mkono, lakini ajifunzie kwenye benchi. Krosi ikishatolewa garini, kuivua klipu, kuigonga itoke na kuingiza mpya ni kazi atakayoifurahia zaidi kuliko kunyoosha spana, mradi avae miwani ya kukinga macho. Gari likiwa juu asifike karibu nalo, asiachwe ndani yake, na jeki asiiguse, kwa sababu vali ya kushushia inafunguka kwa kuzungushwa kidogo tu, na mtoto anayetaka kusaidia anaweza kuizungusha upande usio.

Na ile jeki inayovuja iondoke stoo. Kama fundi wa haidroliki anaweza kuibadilisha raba zake zote, akafanya hivyo na ikabeba mzigo usiku kucha bila kushuka, itakufaa kwa kubadilishia tairi. Kama haiwezekani, kamua oili yake uipeleke chuma chakavu, kwa sababu ikibaki hapo ikiwa nzima kwa sura, jirani atakuja siku haupo, mtoto atampa, naye hatajua kwamba inashuka.